Ratili Kumi za Faraj

Mimi Mwanakuu wa Kuze sipendi mtoto asifiwe. Ukimwona mjukuu wangu Faraj sema, "Mbovu huyu!" uende zako. Hasidi hana sababu.

Na alikuwa na la kusifiwa? Miezi sita, mikono kama vijiti vya mishkaki. Daktari alisema moyo wake una tundu tangu kuzaliwa. Kunyonya kulimchosha: akivuta mara tatu, jasho paji zima, keshalala na njaa yake. Alikuwa na ratili nane, hata kilo nne hazifiki. "Akifika kumi atapelekwa Nairobi kupasuliwa," daktari akasema. "Kabla ya hapo hatahimili." Mwanangu Swabaha, mamake Faraj, alilia njia nzima.

Sista Nanjala wa kiliniki, mtu wa bara, ndiye aliyekuwa akimpima kila Jumatatu. Akatwambia Swabaha akamue maziwa, tumnyweshe mtoto kwa kijiko kila saa mbili, kidogo kidogo, apumzike, tena. Nikaguna. Kijiko! Kwani uji huo? Kijiko nikakiacha, nikaenda kwa Mwalimu Kamaludin kuchukua hirizi.

Jumatatu ya kwanza, uzito umepanda. Alhamdulillahi! Nikaongeza hirizi. Jumatatu ya pili, umepanda tena. Nikaongeza ya fedha, ya shaba, na nyingine nzito ya risasi. Zote kiunoni, chini ya kanzu, na kanzu nilikataa ivuliwe. "Kiliniki imejaa macho," nilimwambia Sista.

Wiki ya tano mizani ikasema kumi kasorobo. Sista kwa furaha akamrusha mtoto juu kidogo. Kanzu ikalia kachakacha.

"Mama, huyu amevaa njuga?"

Akafunua. Akazitoa moja moja, akazipima zenyewe: ratili moja na nusu.

"Bi Mwanakuu," akasema, "hirizi zimenawiri kwelikweli. Mtoto ameongeza robo tu."

Kiliniki nzima ikacheka. Mimi nilishikwa na aibu, kisha hofu. Wiki tano najipongeza, na mjukuu wangu ana njaa!

Basi nikashika kijiko. Nikitoka kusali, kijiko. Chai ya saa kumi, kijiko. Jirani yangu Sheikha akija kupiga soga, namwambia angoje. Faraj akichoka tunamwacha, akipumua vizuri tunaendelea. Mkono ulinifa ganzi.

"Mama, si ulisema uji?" Swabaha akanicheka.

"Nyamaza, kamua!"

Miezi miwili ikapita hivyo. Jumatatu moja nikamvua kanzu mwenyewe, nikamlaza kwenye mizani uchi kama alivyozaliwa, mbele ya macho yote yale. Hirizi nilizishika mkononi.

Mshale ukacheza, ukatulia. Ratili kumi kamili.

Swabaha akaanza kulia. Sista Nanjala, aliyekwisha kunijua, akakaza uso. "Mbovu huyu!" akasema.

"Mbovu nani?" nikamkemea, na machozi yananitiririka. "Huyaoni mapaja hayo? Kanenepa! Jamani, njooni muone, mjukuu wangu kanenepa!"