Ukanda Uliokataa Kunyooka

Kwa mara nyingine kompyuta iliniambia ukanda wa chuma umenyooka, nikatamani kuizaba kofi. Ukanda wenyewe ulikuwa pale pale kwenye benchi la maabara, umebanwa ncha zote mbili, umetunisha tumbo kama mtu aliyeshiba. Kila mwenye macho aliuona.

Kazi yangu ilikuwa moja, kulipata umbo lile kwa hesabu. Ncha mbili tunazijua, zimeshikwa, hazisogei. Kinachosumbua ni katikati. Unakisia pembe ambayo ukanda unaanza nayo kwenye ncha ya kwanza, unaufuata mlinganyo mpaka ncha ya pili, na ukikosa kuangukia mahali pake, programu inarekebisha kisio na kuanza upya. Saa nane Profesa angekuja. Nisipokuwa na jibu, ufunguo wa maabara ungekwenda kwa Desimali, jirani yangu wa meza, na utafiti wangu wote ungekwenda naye.

“Bado umenyooka?” Desimali aliuliza bila kuinua kichwa.

“Niache, bwana.”

“Nauliza tu, dada. Si mimi ndiye mrithi?”

Nikaikagua programu upya, mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa. Ilianza na kisio la sifuri, yaani pembe isiyoelekea juu wala chini, kama Profesa alivyotufundisha sote: anza na sifuri, mtafiti hapendelei upande. Na kutoka sifuri ilifika ncha ya pili bila kukosa hata chembe, ikaridhika, ikatulia. Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na la kijinga kabisa.

Hasira zikanipanda. Nikaifuta ile sifuri nikaandika pembe ya ovyo, ya kumkomoa mtu. Programu ikahangaika, ikakosa, ikarudi, ikakosa tena. Kisha umbo likatokea kwenye skrini, tumbo lile lile la kwenye benchi. Karibu nilie.

Profesa alipofika niliuweka ufunguo mezani, kama alivyotaka, nikamwonyesha.

“Umeanza na nini?”

“Na pembe ya kwenda juu.”

“Ungeanza na ya kwenda chini?”

“Ungepinda chini.”

“Basi jibu umelitia mwenyewe, binti yangu.” Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

Nikachukua rula ya plastiki iliyokuwa mezani, nikampa kwa mikono miwili.

“Ibane ncha zote mbili, Profesa. Ila usipendelee upande.”

Akabana. Rula ikapinda kulia. Akaiachia, akaiweka sawa, akabana tena taratibu huku amezuia pumzi. Ikapinda kushoto. Akavua miwani, akajaribu tena. Desimali aliacha kuandika.

Profesa alikuwa bado anahangaika na rula nilipouchukua ufunguo wangu, nikarudi kwenye benchi langu.