Sahihi ya Mzee Isaka

Karani alirudisha hundi chini ya wavu wa dirisha kwa ncha ya kidole.

"Sahihi ya mwenyekiti hailingani na ile ya kwenye kadi," alisema.

Stumai aliitazama hundi, kisha akamtazama mzee aliyesimama kando yake. Mzee Isaka Kitundu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji. Stumai alikuwa mweka hazina, mjane wa miaka thelathini na minne mwenye watoto watatu. Walikuwa wametoka kijijini, juu ya Kinampanda, kabla ya jua kuchomoza. Walitembea hadi barabarani, wakapanda basi na kuteremka Singida mjini saa nne asubuhi. Hiyo ilikuwa siku ya Alhamisi, mwaka wa sabini na tano.

"Ni yeye mwenyewe huyu," Stumai alisema. "Amesimama hapa. Muulize."

"Sijakataa kwamba ni yeye." Karani alikuwa kijana mwembamba aliyeitwa Laurenti, jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kibao pale dirishani. Hakuongea kwa kiburi. "Mzee, shikamoo. Naomba uandike tena mbele yangu, kwenye hundi nyingine."

Mzee Isaka aliitikia, akachukua kalamu. Tangu baridi ya mwaka uliopita mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka. Mwanzoni ulitetemeka akiwa amechoka tu, siku hizi ulitetemeka hata akiwa amekaa. Aliubana kwa mkono wa kushoto na kuandika polepole, huku watu wa nyuma kwenye mstari wakianza kunong'ona. Alipomaliza, ile I ilikuwa imelala, na mstari wa chini ulikuwa umekatika mara mbili.

Laurenti aliitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akaandika neno moja juu yake kwa wino mwekundu: IMEKATALIWA.

Katika kitabu chao zilibaki hundi mbili.

Fedha zenyewe zilikuwepo. Zilikuwa za alizeti ya shamba la pamoja, na zilipitia ushirika hadi benki bila mtu wa kijijini kuzigusa. Agizo lilikuwa hilo: fedha za kijiji zikae benki, zitoke kwa sahihi ya mwenyekiti na mweka hazina, na mtu asiweke nyumbani kwake zaidi ya shilingi hamsini. Stumai mwenyewe alilipigia makofi agizo lile mkutanoni. Kijiji cha jirani kilikuwa kimepoteza fedha zote za karanga kwa sababu zilikaa chini ya kitanda cha mtu mmoja.

Lakini mwaka huo mvua ilikatika mtama ukiwa magotini. Watu walikuwa wamehamia kijiji kipya mwaka mmoja tu uliopita, nyumba zikiwa zimepangwa kwa mistari, na maghala yao ya zamani yalibaki huko walikotoka. Familia mia moja na kumi. Tangu mwezi wa tano walikula mara moja kwa siku, na wengine walichemsha mlenda mtupu. Ndipo wilaya ikawapa kibali cha kununua magunia arobaini ya mahindi ya njano kwenye ghala la serikali mjini. Ghala lilitaka fedha taslimu, shilingi elfu nne na mia tano. Kibali kilikuwa kinakwisha Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo mahindi yangepewa kijiji kilichofuata kwenye orodha.

Stumai aliomba kumwona meneja. Walisubiri kwenye benchi mpaka benki ikawa karibu kufungwa. Meneja alikuwa mtu mzima, shati lake limepigwa pasi vizuri, na aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nawaamini," alisema. "Lakini mimi sikuwekwa hapa kuamini watu. Nimewekwa kulinganisha na kadi. Kama sahihi imebadilika, kijiji kiitishe mkutano, muhtasari upigwe mhuri wilayani Kiomboi, uletwe hapa, sisi tuupeleke makao makuu. Kadi mpya itarudi."

"Baada ya siku ngapi?"

"Wiki tatu. Ikichelewa, sita."

"Ndugu Meneja, kibali kinakwisha keshokutwa."

"Kibali si cha benki, mama." Alifungua mikono yake juu ya meza. "Karani aliyekuwa dirisha lile kabla ya huyu wa sasa alilipa hundi moja kwa huruma. Leo hana kazi, na deni anakatwa baba yake. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Stumai alikifunga kitabu cha hundi, akainuka.

Walikwenda kulala Mwankoko, kando ya mji, kwa wifi wa Stumai, Elina, aliyeolewa huko. Walipofika mzee aliomba karatasi. Elina alimpa daftari la mtoto lililobakiza kurasa chache, naye akaketi kwenye kigoda nje ya mlango, akaandika jina lake. Akaandika tena. Stumai alikuwa akichambua mboga na wifi yake, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mkono. Mzee alijaribu kuutegemeza kwenye goti. Alijaribu kuandika haraka, kabla mkono haujapata nafasi ya kutetemeka. Jua lilipoanza kushuka alikuwa amejaza kurasa nne, na hakukuwa na sahihi hata moja ambayo karani angeikubali.

"Ilikuwa rahisi uliponifundisha," alisema.

Ni kweli, alimfundisha. Stumai alikuwa amesoma hadi darasa la nne, na ngumbaro, masomo ya watu wazima, ilipoanza kijijini ndiye aliyepewa chaki. Mzee Isaka alikuwa mwanafunzi wake wa mstari wa mbele, mtu wa miaka hamsini na nane aliyechoka kuweka dole gumba. Ile I yenye mkia na ule mstari chini ya Kitundu alivibuni Stumai, akamwandikia kwenye kipande cha ubao ili akaige nyumbani. Mzee aliiga mwezi mzima. Siku alipokwenda benki kutia sahihi kwenye kadi, alirudi akitembea kama mtu aliyeoa.

"Mama Zena," mzee aliita sasa, kwa sauti ya chini, kwa Kinyiramba, ijapokuwa Elina alikuwa ameingia ndani na hapakuwa na mtu wa kuwasikia. "Iandike wewe."

Stumai aliacha mboga.

"Baba, hiyo ni jela."

"Najua."

"Si jela yako. Ni yangu. Nina watoto watatu."

"Najua," alisema tena. "Sikulazimishi. Nimekuambia kwa sababu nimeshindwa."

Hakulitaja tena jambo hilo. Alikula kidogo, akasali, akalala kwenye ngozi sebuleni. Stumai alilala na Elina, na muda mrefu alikuwa akihesabu kichwani. Akiandika na kukamatwa, Zena na wadogo zake watakwenda kwa nani? Asipoandika, atarudi kijijini Jumamosi na mfuko mtupu, na mlango wa kwanza njiani ni wa Kristina, ambaye mtoto wake mdogo alikuwa ameanza kuvimba miguu. Angemwambia nini? Kwamba fedha zipo? Aliwaza pia kwamba kuna njia nyingine ambayo mtu mwenye akili zaidi angeiona. Alizitafuta njia hizo moja moja. Mkuu wa wilaya alikuwa safarini. Ghala lilikataa hundi kwa sababu vijiji viwili vilikuwa vimelipa kwa hundi zisizo na fedha. Mtu wa kukopesha elfu nne na mia tano hakumjua hata mmoja.

Asubuhi ya Ijumaa alimkuta mzee amekwisha vaa koti lake la kanisani. Stumai alitandaza hundi juu ya meza ya Elina, akaandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa mweka hazina. Kisha akaandika I yenye mkia, akaandika Kitundu, akapiga mstari chini. Ilichukua muda mfupi kuliko kufunga kanga. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha.

Dirishani Laurenti aliipokea hundi, na Stumai akaona macho yake yakisimama. Kijana alitoa kadi, akaiweka kando ya hundi. Alimtazama mzee mkono, ambao ulikuwa umefichwa ndani ya mfuko wa koti.

"Mzee, hii ni sahihi yako?"

"Ni sahihi yangu," Mzee Isaka alisema.

Laurenti alisimama, akaenda na hundi ofisini kwa meneja, akafunga mlango. Stumai alishika ukingo wa kaunta. Polisi alikuwa amesimama mlangoni na bunduki yake kama kila siku, lakini sasa alimwona kana kwamba amewekwa kwa ajili yake. Alifikiria kumwambia mzee waondoke. Mtu wa nyuma aliuliza kama wanaendelea au vipi, naye akajikuta akimwomba radhi kwa maneno mengi yasiyo na maana.

Mlango ulifunguliwa. Laurenti alirudi dirishani bila kumtazama mtu, akavuta mtoto wa meza, akaanza kuhesabu noti. Alihesabu mara tatu. Alipozisukuma chini ya wavu aliinama kidogo.

"Mama, badilisheni kadi," alisema kwa sauti ambayo Stumai peke yake aliisikia. "Mara ya pili sitaweza."

Mahindi yaliondoka ghalani Jumamosi saa nne, kwenye lori la ushirika, Mzee Isaka akiwa mbele na dereva, Stumai juu ya magunia. Walipopita Iguguno watu waliokuwa kando ya barabara walisimama kulitazama lori mpaka likapotea. Kijijini waligawa kwa debe, kila familia ikaitwa kwa jina, na Stumai akaandika kila debe na akamwekesha mpokeaji dole gumba. Mtoto wa Kristina alikula uji wa njano siku hiyohiyo. Watu waliimba. Stumai alikwenda nyumbani mapema akisema kichwa kinamuuma.

Mkutano wa kubadilisha kadi ulifanyika wiki iliyofuata, na muhtasari ukapelekwa Kiomboi. Wiki tatu zikapita, kisha sita, kisha miezi miwili. Mbegu za mkopo zilifika wilayani, lakini kijiji kilitakiwa kulipa sehemu ya kwanza kutoka benki, na hakuna aliyeweza kutoa hata senti. Mbegu zilikwenda kwingine. Kila Stumai aliposikia mngurumo wa Landrova aliacha jembe na kusimama, akisikiliza inaelekea wapi. Zena, aliyekuwa na miaka kumi, alianza kumuuliza kwa nini anafunga mlango mchana.

Landrova ilikuja mwezi wa kumi na moja. Aliyeteremka alikuwa mkaguzi wa hesabu za vijiji, mtu mpole mwenye mkoba wa ngozi. Kamati iliketi darasani. Mkaguzi alipitia vitabu asubuhi yote, na mwisho akatoa mkobani hundi mbili, akaziweka sambamba mezani. Moja ilikuwa na neno jekundu. Nyingine ilikuwa safi.

"Hizi zimeandikwa siku mbili zinazofuatana," alisema. "Ndugu Mwenyekiti, nisaidie kuelewa."

Mzee Isaka alisema zote ni sahihi zake.

"Basi niandikie hapa."

Akampa kalamu. Mzee aliipokea. Mkono ulikuwa mbaya zaidi kuliko wakati ule wa Singida. Ncha iligonga karatasi kama kuku anayedonoa. Stumai aliona jasho kwenye shingo ya mzee, akaona kwamba angeendelea kujaribu mpaka jioni kuliko kumtaja yeye.

"Niliandika mimi," alisema.

Mkaguzi aligeuka. Stumai alieleza yote, tangu kibali mpaka meza ya Elina, isipokuwa maneno ya Laurenti. Sauti yake ilikuwa kavu lakini haikukatika. Alipomaliza, mzee alisema, "Nilimwomba," na akaweka kalamu chini.

Mkaguzi alivuta daftari la mahindi, akafuatisha kwa kidole majina mia moja na kumi na madole yao. Alilipitia mara ya pili. Kisha akalifunga.

"Hakuna debe lililopotea," alisema. "Ningekuta hata moja, ningeondoka na wewe leo. Lakini siwezi kuandika kwamba sikuona."

Barua ilikuja baada ya Krismasi. Stumai aliondolewa uweka hazina na akakatazwa kushika fedha za kijiji tena. Hakushtakiwa. Nafasi yake alipewa Paulo, mtu mwema aliyesoma kwa shida, na jioni alionekana akihangaika na vitabu hata watu wakamhurumia. Wengine walimsalimia Stumai kwa heshima zaidi kuliko zamani. Wengine, waliokula mahindi yaleyale, walisema lazima alibakiza kitu. Alilisikia hilo kisimani, akajitwisha ndoo yake na kuondoka.

Mwezi wa pili Mzee Isaka alikuja shambani kwake. Stumai alikuwa anapalilia. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto.

"Kadi imekuja," mzee alisema. "Nimekwenda nayo mjini. Wamechukua dole gumba langu, na shahidi mmoja. Imekwisha."

Stumai alisimama na jembe. "Kumbe wanakubali dole?"

"Wanakubali. Meneja anasema ilikuwa inaruhusiwa tangu zamani kwa mtu mgonjwa wa mkono. Fomu yake tu ndiyo haikuwa imeletwa kwenye tawi."

Stumai alitaka kucheka, lakini hakikutoka kitu. Alimtazama mzee, akaona kwamba amekuja umbali wote ule ili yeye aisikie habari hiyo kinywani mwake, si kwa watu wa kisimani.

"Asante kwa kuniambia, baba," alisema.

Mzee aliitikia kwa kichwa, akakaa kwenye tuta na kuanza kung'oa magugu kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa bado unamtii. Stumai alirudi kwenye mstari wake. Mbali barabarani gari lilinguruma, naye akasimama kusikiliza mpaka lilipopita.