Namba Isiyosema Nipo

Kompyuta ilikuwa haijawaka vizuri, na Makandi alikuwa ameshawadharau wanachama wote kumi na tisa mmoja mmoja, kwa kufuata mpangilio wa viti vyao. Kikundi cha wafugaji wa Ruiri kilikuwa kimejaa ukumbi wa kanisa, nyuso zimenuna. Jumanne hisa zao zilifika bei waliyoingoja mwaka mzima, bei ya kuuza ili wanunue mtambo wa kupozea maziwa. Kengele ya kuwajulisha haikulia. Jumatano bei ikaporomoka. Sasa ajenda ilikuwa moja tu: Makandi anyang'anywe kazi ya kuangalia hisa, apewe Adrian.

Adrian mwenyewe, mtoto wa mwenyekiti, alisoma kompyuta Embu wiki sita na tangu hapo haambiliki.

"Hiyo skripti yako imekufa," alisema, miguu ameinyoosha mbele.

Makandi aliisogeza kompyuta karibu naye. Kazi hii ndiyo kitu pekee alichokifanya kwa akili yake mwenyewe. Ofisini kwao, Meru mjini, alikuwa akigonga mihuri kwenye fomu za bima mwaka wa tisa huu. Kumwachia mtu kama Adrian kungemuua.

Skripti aliiandika mwenyewe ndani ya programu ya chati za bei. Iliangalia bei, na bei ikivuka shilingi thelathini na moja, itume ujumbe. Yeye alitaka ujumbe uje kwake. Mwenyekiti, Mwalimu Gitobu, mstaafu, akakataa katakata. Eti uende kwenye grupu ya WhatsApp, wote waone pamoja, asije mtu akauza zake kisirisiri. Chati hawaijui, lakini wizi wanauona kabla haujatokea. Basi Makandi akanunua laini mpya, akaiweka kwenye simu kuukuu nyumbani kwake Kinoru, akaiunganisha na skripti na kuiingiza kwenye grupu. Ujumbe ukifika, Mwalimu ampigie simu, yeye auze. Grupu yenyewe aliizima sauti tangu Januari. Sala za alfajiri, picha za maua, maziwa ya fulani yameganda; nani ana muda huo?

"Tuanze," alisema polepole, kama anafundisha nasari. "Adrian, jina la hisa unaliona? Ni sahihi?"

Adrian akatikisa kichwa kukubali.

"Bei niliyoandika? Na hapa, muda wa tahadhari haujaisha. Unaona?"

Akakubali tena, na ilikuwa wazi haoni lolote. Makandi aliona raha ambayo hakuificha. Kisha akafungua kumbukumbu za programu na kuwageuzia kioo wote. Jumanne, saa nne na dakika kumi na nne asubuhi: tahadhari imelia, ujumbe umetumwa.

"Ililia," alisema.

"Wapi?" Mwalimu Gitobu aliuliza. "Mimi sikusikia."

"Nipe simu yako, Mwalimu."

Akafungua grupu, akaitafuta ile namba kwenye orodha ya wanachama. Haikuwepo. Akapandisha ujumbe juu hadi wiki tatu nyuma, akakuta mstari mmoja: Angeline ameiondoa. Angeline, katibu, alikuwa hapo mbele na daftari lake mapajani.

"Ni wewe uliyeiondoa?"

"Ndiyo, ni mimi," Angeline alisema bila wasiwasi. "Tuliita rejista kwa grupu. Kila mtu aandike Nipo. Hiyo namba haikuandika. Haiombi na sisi, na mwenzetu Mwongera alipofiwa na mama, haikutoa pole. Ningejuaje si tapeli?"

Makandi akacheka. Alicheka hadi akafuta macho.

"Mmefukuza kengele kwa kuwa haikutoa pole," alisema. "Mwaka mzima nafanya kazi na watu wanaotaka mashine iseme amina. Na mnataka kunifuta kazi mimi."

Adrian alirudisha miguu chini ya kiti. Angeline akaichukua simu, akavaa miwani na kusoma.

"Tarehe tatu. 'Makandi, hii namba mpya ni yako?' Tarehe nne. 'Makandi, tunaomba jibu.' Tarehe sita, Mwongera anauliza. Tarehe saba, mimi tena." Akashusha simu. "Tarehe nane nikakupigia. Ukasema uko kazini, utanipigia."

Makandi alikumbuka simu hiyo. Alikuwa mezani kwake, anakunywa chai.

"Na Nipo hukuandika hata wewe," Angeline aliendelea. "Nilitaka kukuondoa pia. Mwalimu akasema usiguswe, wewe ni mtu wa kazi nyingi."

Uso ulimwaka Makandi. Alimtazama Mwalimu Gitobu, na mzee alikuwa anatazama daftari. Aibu ilimbana hadi akakosa pa kuweka mikono.

"Nisameheni," alisema.

"Tumekusamehe," Mwalimu alisema kwa upole. "Na skripti haina kosa, tumeona wote. Adrian hataigusa. Yeye tutampa kazi ya kujibu kwa ile namba tukiuliza."

Mikono kumi na minane ikainuka kukubali. Wa Mwalimu ulichelewa kidogo, kisha nao ukainuka. Angeline akachana ukurasa kwenye daftari na kumpa Makandi kalamu, naye akaandika nywila ya ile simu kuukuu kwa herufi kubwa, ili Adrian aweze kuzisoma.