Pembe Iliyotundikwa Bomani

Alfajiri ile kikosi kilipoondoka Arusha, Lemburis aliachwa nyuma na vitu vitatu: tarumbeta yake, mguu wake mbovu, na amri ya kupiga kama kila siku.

"Kama kila siku," shaushi, sajini wa kikosi, alikariri, kidole kikiwa karibu na pua ya Lemburis. "Ya kuamka umekwisha kupiga. Ya saa sita, piga. Ya saa kumi, piga. Ukimaliza hiyo ya saa kumi, kazi yako imekwisha, utufuate kwa njia ya Ufiome. Makaburu wakisikia watasema boma bado limejaa watu."

"Ndiyo, shaushi."

Makaburu na Waingereza wao walikuwa wameshapita Longido, na kila mtu bomani alijua kwamba hawakuja kusalimia. Usiku kucha bwana mkubwa, Mjerumani, alikuwa akichoma karatasi uani, na asubuhi majivu yalikuwa yamezagaa juu ya kuta zile nyeupe alizozipenda kuliko watu waliozijenga. Kisha akapanda farasi wake, kikosi kikamfuata, na boma likabaki na kuku watatu, ombasha mmoja, koplo Mmanyema aliyeumwa nyayo, na Lemburis.

Lemburis aliketi kwenye ngazi, akanyoosha mguu. Alikuwa amechoka. Usingizi usingemsaidia kitu, maana uchovu wenyewe ulikuwa na umri wa miaka kumi na sita.

Miaka kumi na sita nyuma alikuwa mpiga pembe wa rika lake. Rika lao ndilo lililokuwa la mashujaa Wajerumani walipokuja na bombom yao, bunduki ya kumimina risasi, nao walipigana jinsi walivyojua kupigana, kwa mikuki, wakashindwa jinsi watu wa mikuki wanavyoshindwa. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa. Mikuki na ngao za rika zima zililundikwa hapa hapa penye boma, zikatiwa moto. Kilichosalia ni pembe ya tandala. Bwana wa wakati ule aliipenda, akaitundika ukutani ofisini, kati ya fuvu la swala na picha ya Kaisari. Halafu akauliza, kwa mdomo wa mkalimani, ni nani aliyekuwa akiipiga.

Hakuna aliyejibu. Rika lilisimama kimya, lingesimama kimya mpaka leo. Lemburis ndiye aliyejitokeza mwenyewe.

Watu walisema aliogopa kamba ya kunyongewa. Wengine walisema alinunuliwa kwa nguo. Ukweli ulikuwa mdogo na wa aibu kuliko hayo, naye hakuwahi kumwambia mtu: alikuwa ameona tarumbeta ya shaba mikononi mwa askari wa Kisudani, akatamani kujua inalia vipi.

Alijua basi. Wenzake walipokuwa wakipandisha mawe na chokaa kujenga boma, yeye alikuwa amesimama juu yao akijifunza kupiga. Meitamei alipita mbele yake na jiwe begani. Meitamei huyo ndiye aliyekuwa akitembea mbele yake katika mstari wa rika, kila safari, tangu siku walipotahiriwa. Lemburis alimwambia, "Sopai." Salamu hiyo huitikiwa hata na adui. Meitamei akapita. Jioni ile baba mkwe alikuja kumchukua Nalepo, mke wa Lemburis, akiwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto alizaliwa Ilboru, akaitwa Saning'o, na baba yake alimwona kwa mbali tu, siku za gulio, kama mtu anavyoangalia ng'ombe wa wenyewe.

Historia ya jeshi lile wataiandika wenye kalamu, na bila shaka wataipamba. Lemburis aliijua kwa midomo yake ya kupuliza. Alipelekwa kusini wakati wa vita vya Maji Maji, akapiga "songa mbele" kuingia vijiji ambavyo ghala zake ziliwaka siku mbili, na alipopiga "acheni" hapakuwa na mtu wa kuachwa. Akina mama walikuwa wakichimba mizizi kando ya njia, wala hawakuinua macho. Alikuwapo Longido vita hii kubwa ilipoanza, akapiga ndani ya ukungu mpaka risasi ikaingia pajani. Akarudishwa bomani achechemee. Kisha ukaja msimu wa wapagazi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nao Wajerumani walikuwa na mizigo mingi na vichwa vya wenzao vingi. Mwaka uliopita aliamriwa apige mwito wa kugawa chumvi, watu wa Sekei wakashuka na vikapu vyao, wakafungwa kamba. Walikwenda vijana sitini. Hakuna aliyerudi, hata wa kuja kueleza wenzake walifia wapi.

Lemburis ndiye aliyepiga mwito ule wa chumvi. Hilo lilimuuma kuliko risasi ya pajani.

Saa sita alisimama, akapiga ya saa sita. Sauti ilipanda juu ya migomba, ikavuka mto Themi kwenda Kijenge, ikarudi. Mawingu ya masika yalikuwa yameufunika Meru mpaka kiunoni.

"Unapiga vizuri leo," alisema ombasha. Alikuwa amefungua patti zake, vile vitambaa vya kuzungushia miguu, na kutumbukiza miguu kwenye ndoo. "Watanasa kama kwale."

"Makaburu?"

Ombasha aliinua macho kutoka kwenye ndoo. Walikuwa pamoja Longido. Yeye ndiye aliyemburuta kutoka kwenye ukungu. "Hujaambiwa," alisema.

"Nimeambiwa nipige kama kila siku."

"Makaburu wana darubini, ndugu yangu. Wana watu wa kuwaambia. Hawahitaji tarumbeta kujua boma ni tupu." Akatoa mguu mmoja, akaukagua, akaurudisha. "Ni kwa ajili ya watu wako wa huko juu. Wakijua kikosi kinaondoka watakimbilia msituni, maana wanajua hatuondoki mikono mitupu. Shaushi yuko mtoni na askari arobaini. Ukipiga ya saa kumi, ndiyo saa ya vijana kurudisha ng'ombe na kunywa maziwa. Askari watawazunguka majumbani. Bombom mbili na risasi zake zinangoja wachukuzi."

"Sekei?"

"Sekei mpaka Ilboru. Wanataka waliotahiriwa juzi juzi. Hao wana shingo."

Saning'o alikuwa ametahiriwa mwaka jana.

Lemburis alikaa tena kwenye ngazi. Alihesabu njia zilizokuwapo. Kupanda Ilboru kwa mguu ule kungemchukua mpaka jioni, na angepita machoni pa shaushi. Kutopiga ya saa kumi kusingezuia kitu. Shaushi alikuwa na saa yake mfukoni. Angeweza kupiga mwito wa hatari kwa tarumbeta, lakini nani huko juu angeuamini? Shaba ile ilikuwa imekwisha kuwadanganya kwa chumvi. Wangesema, haya, Lemburis anatuita tena, na wangekaa pale pale.

Aliinuka, akaingia ofisini. Picha ya Kaisari ilikuwa imeondoka na wenyewe. Fuvu la swala lilikuwapo, na pembe ilikuwapo.

Pembe ile haikuwa na maneno mengi kama tarumbeta. Ilikuwa na neno moja: njooni. Ikilia, wanaume wa rika huacha walichoshika na kwenda inakolia. Na wanawake, bila kumwuliza mtu, huswaga ng'ombe na watoto na vijana kwenda msituni. Ndivyo ilivyokuwa tangu mababu. Nalepo angeisikia, angemshika Saning'o mkono na kukimbilia msitu wa Olmotonyi. Lakini hapakuwa na namna ya kuipiga kwa wanawake peke yao. Wenye pembe walikuwa wanaume wa rika lake, sasa ni baba za watu, wenye vitambi na magoti mabovu, na pembe ingewaita waje hapa, penye bunduki arobaini. Kumwokoa Saning'o kulikuwa ni kumwita Meitamei.

Alisimama mbele ya ukuta muda mrefu. Mwishowe alichokitegemea kilikuwa ni chuki yao. Miaka kumi na sita hawakuitikia salamu yake. Kwa nini waitikie pembe mkononi mwake? Wanawake watasikia na kukimbia, wanaume watatema mate na kubaki. Alimwomba Mungu wamdharau siku hii moja zaidi, kama kawaida yao.

Akaitungua pembe.

Ombasha alimwona akitoka nayo. "Wewe," alisema taratibu. "Ukiipiga hiyo, shaushi atakuua."

"Anaweza."

"Basi mimi nimelala." Na kweli akavuta kofia usoni, miguu ikiwa bado kwenye ndoo.

Mara ya kwanza ilitoa vumbi na buibui. Midomo ya Lemburis ilikuwa imezoea shaba. Ilikuwa imesahau tundu la ubavuni na upana wake. Mara ya pili ilikoroma. Akatema mate, akafumba macho, akapuliza kutoka chini kabisa, mahali alipokuwa hajapuliza tangu ujana, na pembe ikalia.

Ilikuwa sauti nzito, ya kutetemeka, mwisho wake ukivutwa. Kuku wakakimbia. Akapiga tena, na tena, uso ukielekea Sekei, machozi yakimtoka bila kuyajali, mpaka mdomo wa chini ukapasuka na damu ikateremka kidevuni. Halafu huko juu kwenye migomba akasikia sauti ya mwanamke, kali na ndefu, na nyingine ikaipokea mbali zaidi, na nyingine upande wa Ilboru. Nalepo alikuwa huko katika sauti zile. Lemburis akashusha pembe.

Shaushi alifika akihema, askari nyuma yake. Hakuuliza. Kitako cha bunduki kilimpata Lemburis begani, kisha mbavuni, na alipoanguka kikampata tena. Askari kumi walitumwa juu mbio. Walirudi baada ya muda na ndama mmoja kilema. Nyumba zilikuwa wazi, walisema, moto ukiwaka mekoni, vibuyu vya maziwa vimeachwa chini. Hapakuwa na hata kijana mmoja.

Lemburis alisikia hayo akiwa amelala chini, na kwa mara ya kwanza siku ile alipumua vizuri.

Ndipo ombasha, aliyekuwa ameamka kwa wakati wake, aliposema, "Wale ni nani?"

Walikuwa wakishuka njia ya Sekei, mmoja nyuma ya mwenziwe, mablanketi mabegani. Wengine walikuwa na mikuki mipya myembamba, wengi walikuwa na fimbo tu. Walitembea bila haraka, kama watu wanaokwenda kwenye shauri la mpaka wa shamba. Lemburis aliinuka kwa mikono na kuwatazama, moyo ukamvunjika. Alijaribu kupiga kelele, rudini, lakini mbavu hazikumruhusu. Aliwatambua kwa mwendo kabla ya nyuso. Wote waliobaki hai walikuja, watu ishirini na mmoja, na aliyetangulia alikuwa Meitamei.

Askari waliinua bunduki. Wanaume wale wakaingia uani, wakaweka mikuki na fimbo zao chini mbele ya ngazi, pale pale walipochomewa mikuki na ngao zao za kwanza.

"Vizee!" shaushi alifoka. "Hivi ndivyo vya kubeba bombom?" Akatazama saa yake, akatazama njia ya Longido. Maji yalikuwa yamezidi unga. "Haya, wapeni mizigo. Anayeanguka, abaki alipoanguka."

Meitamei alikuja mpaka alipokuwa Lemburis, ambaye sasa alikuwa ameegemea ukuta. Jicho lake moja lilikuwa jeupe. Chokaa ya boma ililiunguza, na Lemburis hakuwa amelijua hilo, kwa kuwa miaka yote hakuwahi kumwona kwa karibu.

"Sopai, Lemburis," alisema.

Lemburis alifungua mdomo, damu ikatangulia. "Epa," aliitikia.

"Bado unauvuta mwisho wa mlio."

"Kwa nini mmekuja?" Sauti yake ilikuwa ya kulia, wala hakuificha. "Nilijua hamtakuja. Nilipiga kwa sababu nilijua hamtakuja. Mngekaa na chuki yenu!"

"Pembe ilie bomani, halafu tudhani tunaitwa kula nyama?" Meitamei alitikisa kichwa. "Tulijua wanataka wachukuzi. Tulikutana njia panda, tukatazamana, kila mmoja akijua. Tuna watoto wa umri wa wako. Wakitupata sisi, hawatawasaka wao." Akainama, akajaribu uzito wa sanduku la risasi, akaguna. "Nalepo nilimpita akipandisha. Mwanao alikuwa anabishana, anataka kubaki apigane. Mama yake alimzaba kofi, akaenda."

"Alikwenda?"

"Alikwenda. Saa hizi wamefika Olmotonyi."

Shaushi alipiga kelele mstari upangwe. Akamwona Lemburis akiegemea ukuta, akamtupia sanduku miguuni. "Nawe pia, mpiga pembe. Tarumbeta nitampa mwenye akili."

Meitamei alishika upande mmoja wa sanduku, wakaliinua pamoja mpaka kichwani pa Lemburis. Mvua ilikuwa imeanza, matone makubwa ya kwanza yakichanganya majivu na chokaa ukutani. Wanaume wale waliingia mstarini bila kupangwa na mtu, kila mmoja akijua nani yuko mbele yake na nani yuko nyuma. Pengo moja lilibaki, nyuma ya Meitamei. Lemburis akachechemea mpaka hapo, akasimama mahali pake, na mstari ukaanza kwenda.