Kitabu Hakirukwi

"Walikuwa wanalala kwenye kamba," mama alisema, bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani. "Maskini wa Uingereza, zamani hizo. Mtu hana pa kulala, anatoa visenti vyake, anakaa kwenye benchi na wenzake, wanaegemeza vifua kwenye kamba iliyofungwa mbele yao, wanasinzia hivyohivyo. Asubuhi mwenye nyumba anaifungua, wote chini. Hakuna cha kubembelezana."

Alicheka, nami nikacheka, maana mama akisimulia hata aliyenuna husahau alichonunia. Nikamuuliza hayo kayatoa wapi.

"Kwa baba yako. Jana alipofika hapo alicheka mpaka akakohoa."

Baba alikuwa na mwaka kaburini.

Nilijiambia ni ujane unaosema. Bila shaka baba alimsomea habari hiyo akiwa hai, naye sasa anachanganya jana na mwaka juzi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, napenda kila jibu lionyeshe njia yake. Nilimaliza chai yangu nikaanza habari nyingine.

Maisha yake yote baba alichambua vifurushi posta. Vile ambavyo wenyewe hawakujitokeza kuvichukua vilipigwa mnada kila mwaka, vikiwa vimefungwa, na mnunuzi hakuruhusiwa kuchungulia. Baba alichagua vizito vyenye pembe, akijua ni vitabu. Ndiyo maana nyumba yetu ilijaa vitabu visivyojuana: hadithi za watoto zenye picha za sungura waliovaa makoti, ufugaji wa nyuki, magonjwa ya ng'ombe, na historia nene ya maisha ya watu wa kawaida wa Uingereza, wafua nguo na wachimba makaa na watoto waliotumwa kupanda ndani ya mabomba ya moshi kuyasafisha. Kwake vyote vilikuwa sawa. Alikuwa na sheria moja: kitabu hakirukwi. Vilisomwa kwa zamu, kama vilivyoingia mlangoni, na cha kwanza kisipokwisha cha pili hakiguswi, hata kama cha kwanza kilihusu minyoo.

Na alivisoma kwa sauti. Mama hakwenda shule, na Kiingereza kwake kilikuwa kelele tu. Basi kila alasiri, akitoka kazini, baba aliketi kwenye kiti chake cha mbao pembeni ya cherehani, macho yakisoma Kiingereza na mdomo ukitoa Kiswahili, huku mama akishona. Habari ikinoga, pedali ilisimama. Utotoni, nikiwa chumba cha pili, nilijua kitabu kimefika patamu kwa kuisikiliza cherehani.

Lakini alinunua kuliko alivyosoma. "Nikistaafu nitavimaliza," alisema. Akastaafu, akaugua, akatutoka, na rafu nzima ya chini ikabaki kama alivyoipanga.

Nilitaka mama ahamie kwangu. Paa la nyumba ile lilivuja, na nilichoka kuamka nikiwaza ameteleza bafuni hana wa kumwinua. Kila nilipolianzisha aliitikia vizuri, kisha akasema, "Tumalize kwanza." Nilidhani anamaanisha nguo za wateja.

Nikaona dawa ni kuvitoa vile vitabu. Nilimwita Gundi, mfanyabiashara aliyezoea kununua vitabu vya watu waliofariki, akivitengeneza na kuviuza kwenye kibanda chake. Jina hilo alilipata kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo daima viling'ang'ania alichoshika. Alikuja wakati mama amekwenda kupeleka sare alizoshona. Akachuchumaa mbele ya rafu ya chini, akavuta ile historia ya Uingereza, akaiminya pembeni kwa kidole gumba.

"Hiki hakijasomwa na mtu, dada."

"Baba alikisoma."

"Kwa macho gani? Njoo uone."

Vitabu vya zamani, alinieleza, vilishonwa karatasi zikiwa bado zimekunjwa, na msomaji mwenyewe ndiye aliyezikata kingo kwa kisu kadiri alivyoendelea. Cha baba kilikuwa kimeshikana kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilichungulia kati ya mikunjo nikaona giza na herufi chache.

Nilimwomba kisu. Alikata yeye, taratibu, kama mtu anayepasua samaki mdogo, nami nikasoma. Nilisoma nikiwa nimesimama, habari za wafua nguo, za mikate iliyochanganywa chokaa, za vyumba vya kupanga. Kisha Gundi akafungua mkunjo mwingine, na ndani yake, kwenye karatasi nyeupe ambayo haikuwahi kuona mwanga tangu itoke kiwandani, nikaikuta benchi. Nikaikuta kamba. Nikamkuta mwenye nyumba akiifungua asubuhi.

Nywele zilinisimama. Nimefundisha hesabu mpaka mvi zimenitoka, na hadi leo sijaona njia ya kulifikia jibu lile.

"Dada, kuna nini?" Gundi aliuliza.

"Siuzi tena. Nisamehe kwa usumbufu."

Aliondoka akinung'unika kwamba wenye vitabu wote ni vigeugeu. Mama aliporudi aliona vipande vya karatasi sakafuni.

"Mmekikata," alisema. "Si kitu. Alishapita hapo."

Nilikaa kwenye mkeka. "Mama, baba anakuja?"

"Kila alasiri."

"Unamwona?"

"Namsikia. Kumwona kwa nini, kwani simjui?"

"Na vikiisha?"

Alilamba uzi, akautunga kwenye sindano. "Vikiisha tutaondoka. Ananisubiri. Ila unamjua baba yako, hawezi kuacha kitabu katikati." Alilisema kama mtu anayengoja mvua ikatike ndipo aende sokoni.

Niliitazama rafu. Baada ya ile historia vilibaki vichache, na baadhi vilikuwa vya watoto. Baba hakunitisha hata kidogo, ningefurahi kumsikia. Kilichonitisha ni ile nafasi tupu mwishoni mwa ubao.

Kesho yake niliwahi kibandani kwa Gundi kabla hajamaliza kupanga. Aliniuliza nataka cha nini.

"Kinene," nilimwambia.

Nikaondoka na sheria za bima. Baadaye nikamchukulia baba ukulima wa viazi, historia ya reli, kamusi ya mabaharia, na chochote kile chenye kurasa nyingi na herufi ndogo. Nilivipanga mwisho wa rafu, kwa zamu. Mama alivipima kiganjani, kimoja kimoja, akanitazama. Alijua. "Baba yako atafurahi," alisema.

Nikahamia mimi kwake. Paa nililiziba. Miaka ikaenda, kila mwezi na kitabu chake, na mezani mama alinipa habari za moto baharini na za wajane wanaodai fidia, mambo ambayo hakuna mtu aliyepata kumfundisha. Siku moja nilirudi mapema nikasimama kwenye ukumbi. Cherehani ilikimbia, ikasimama. Nilizuia pumzi nisikie sauti ya baba walau neno moja. Nilimsikia mama tu.

"Ehe?" alisema. Kikafuata kimya kirefu, cha mtu anayesikiliza. Kisha, "Masikini."

Pedali ikaendelea. Sikuingia. Nilimwonea wivu mama yangu, nikalia kimya kimya kama mtoto aliyefungiwa nje.

Kisha cherehani ikaanza kusimama bila habari kunoga. Mguu wa mama ulikuwa umechoka. Alikonda, akawa anasinzia juu ya kitambaa, na nami nikazidi kuleta vinene. Mwishowe aliniita, akanikalisha karibu.

"Mwanangu, baba yako anakushukuru sana. Ila anasema sasa umletee vyembamba. Vile vya watoto. Sauti imemwishia."

"Imemwishia yeye, mama, au ni wewe uliyechoka?"

Alinishika shavu. "Wewe utabaki salama," alisema. "Una kazi yako. Una watu wako. Nishakutazama nikaona."

Nilikwenda kibandani. Gundi aliniona kwa mbali akatoa chini ya meza alichoniwekea, juzuu mbili za ujenzi wa madaraja, kila moja nzito kama tofali. Nilizipokea. Nilizishika muda mrefu kuliko inavyofaa mtu anayenunua, na nilizitaka, sitaficha. Kisha nikamrudishia, nikainama kwenye kapu la vitabu vya watoto nikatoa kimoja, cha kuku aliyepoteza kofia.

"Hicho?" Gundi aliuliza. "Hicho mtu anakimaliza chai haijapoa."

"Najua," nilimjibu, nikarudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ndefu.