Nafasi ya Mtu Mmoja

Kalenga alikuwa jikoni, simu ameiegemeza kwenye chupa ya mafuta, anacheka hadi anajipiga mapaja. Ndani ya simu mwanamke mwenye nywele nyeusi tele alikuwa akicheka naye. Yeye alikuwa Beirut, sisi tulikuwa Anderlecht, Brussels, ghorofa ya sita, mvua ya Aprili ikipiga dirisha. Walikuwa wakitaniana kwa Kiswahili cha Lubumbashi, wakitaja majirani na mbwa wa mtaani kwao, ambao mimi, mzaliwa wa Kolwezi, sikuwahi kuwaona. Kwangu mume wangu hakuwa akicheka hivyo. Nikazima jiko, sombe, kisamvu chetu, ikiwa haijaiva, nikaenda kulala mchana kweupe.

Mwanamke huyo ni Nawal, binti wa Hamadi, Mlebanoni aliyekuwa na duka la vitambaa Lubumbashi. Alizaliwa huko, akaondoka akiwa msichana. Mama yake alishikwa na homa baada ya kujifungua, maziwa yakakauka, na mama mkwe wangu, maman Mbombo, aliyekuwa akimnyonyesha Kalenga, akamnyonyesha na yule mtoto. Kwa Waislamu kama kina Nawal, walionyonya ziwa moja ni ndugu, hawaoani mpaka kiama. Kalenga alinieleza hayo tangu uchumba wetu, nami nikaitikia vizuri tu. Lakini jamani, nimeishi Brussels miaka mingi. Hapa mwanamume akikutwa Porte de Namur, mtaa wetu Waafrika, na mwanamke asiye wake, huyo ni dada yake, au binamu, au mtoto wa mchungaji. Neno dada limechakaa katika mji huu.

Basi niliona wivu, tena sikuuficha. Niliona wivu juu ya kicheko, juu ya nywele, juu ya huo utoto wao wa pamoja. Hata maman Mbombo, ambaye magoti humuuma kila ninapomtuma jambo dogo, alivuka Lubumbashi nzima kwenda kumtafutia Nawal cheti chake cha kuzaliwa. Roho iliniuma kuliko jino.

Cheti kilitakiwa kwa sababu Nawal alitaka kuhama. Mabomu yalikuwa yameanza tena kulipuka mtaani kwake, na vioo vya duka lake la dawa vilikuwa vimevunjika, akaweka vipya, vikavunjika tena. Kalenga alinipeleka kwa Séraphin, mtu wa nyumbani anayewasaidia watu na mambo ya viza. Séraphin alituambia kwamba kwa Mlebanoni anayetaka kukaa Ubelgiji njia ni tatu. Ya kwanza ni kazi, lakini mwajiri wa hapa ndiye anayeomba kibali, na lazima kitoke kabla mtu hajapanda ndege. Ya pili ni familia, yaani ndoa. Aliposema ndoa nilimgeukia Kalenga nimwone uso. Alikuwa akifuta miwani yake.

Njia ya tatu ni masomo, na ndiyo aliyoichagua Nawal, kwani chuo kimoja cha hapa kilikuwa kimekwisha kumkubali. Alihitaji hati ya polisi na ya daktari, na kila kilichoandikwa kwa Kiarabu kitafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa, kigongwe muhuri huko kwao. Kisha aende mwenyewe kupeleka maombi na kuweka alama za vidole. Zaidi ya yote alihitaji mdhamini wa hapa, mwenye kazi ya kudumu, atakayetia sahihi mbele ya karani wa komini, yaani halmashauri ya mtaa. Kalenga hufanya vibarua vya ghala kwa ghala, wiki hii yupo, wiki ijayo hayupo. Mwenye kazi ya kudumu ni mimi, ninayewaogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Saint-Gilles. Séraphin akatazama karatasi zangu za mshahara, akasema zinatosha kumbeba mtu mmoja tu.

Na huyo mmoja, moyoni mwangu, alikuwa na jina tayari. Lucienne, mdogo wangu, yuko Kolwezi. Nilimdhamini mara mbili, wakamkataa mara mbili, nami nikaapa kwamba mwaka huu sitatulia mpaka nimpokee uwanja wa ndege. Kitanda chake nilikuwa nimekwisha kukinunua. Tulipokuwa kwenye metro tukirudi, Kalenga akasema afadhali mwaka huu tumsaidie Nawal. "Juu Lucienne, donc..." akaanza, nami nikamkatiza palepale. Nikamwambia kama anataka kumleta bibi yake wa Kilebanoni alete, lakini si kwa jasho langu. Watu wakageuka. Kalenga akatazama viatu vyake mpaka tukashuka.

Siku chache baadaye Nawal akanipigia mimi mwenyewe. Nilijiandaa kusikia kilio na kubembelezwa, nikakaa vizuri kitini niupate uhondo. Hakubembeleza. Aliniita mulamu, kama tunavyoitana mawifi kwetu, halafu akanichamba.

"Weye mulamu, unanuna juu ya Kalenga?" akasema. "Huyo tulikuwa tunalala naye kitanda moja, yeye anakojoa, miye njo wananipiga. Nimutake wa nini?"

Kidogo nicheke, na hilo likanizidishia hasira. Nikamwambia nafasi ni ya mdogo wangu. Sauti yake ikashuka.

"Kama unamusainia mudogo wako, bon, ni haki yako. Miye nitabakia huku na mabomu. Lakini kama ni juu ya kunikomesha miye, utajua weye na roho yako."

Akakata simu. Hakuna hawara anayekusema namna ile, anakukemea kana kwamba nyumba ni yake. Wifi ndiye anayekusema hivyo. Nilijua tangu dakika ile kwamba Kalenga hakunidanganya, na bado sikulegea. Nitawaambia ukweli: kujua kwamba ni ndugu hakukuniponya. Niliona kwamba mume wangu amepata dada wa kucheka naye kutoka upande wa pili wa bahari, nami wangu wamemnyima viza mara mbili. Hilo lilinichoma zaidi.

Ijumaa nikaenda komini peke yangu. Nikatia sahihi kwa ajili ya Lucienne, karani akagonga muhuri, nikatoka kifua mbele. Mlangoni tu nikampigia simu nimpe habari njema.

Hakushangilia. Nilisikia pikipiki zikipita upande wake, kisha akasema, "Yaya, dada yangu, miye sitakuja."

Alikuwa amechumbiwa na Constant, fundi wa magari, na alikuwa amepata darasa la kufundisha. Hakutaka kukataliwa tena na watu wasiomjua. Mambo hayo yalikuwa yameamuliwa tangu Januari, na tangu Januari Kalenga alikuwa akiyajua, kwani Lucienne alimwomba atafute siku nzuri ya kuniambia.

"Kwa nini yeye?" nikamuuliza. "Kwa nini si mimi?"

"Yeye anasikiliza," akasema.

Jamani, mimi ndiye niliyembeba mtoto yule mgongoni. Nilisimama pale kwenye ngazi za komini nikimwonea wivu mume wangu mwenyewe, kwa sababu ya mdogo wangu mwenyewe.

Nyumbani Kalenga alikuwa amepika. Nikamwambia nimemsainia Lucienne. Angeweza kunimaliza kwa neno moja, lakini alinipakulia ugali, akanisogezea maji ya kunawa. Nikamuuliza kama alijua. Akaitikia kwa kichwa. Akasema kila alipofungua mdomo alinikuta nikitandika kile kitanda, akashindwa. Nilikula kidogo, nikaenda chumba cha pili, nikakaa juu ya kile kitanda mpaka giza likaingia.

Jumatatu nikaomba ruhusa kazini, nikarudi komini bila kumwambia mtu. Karani alikuwa yuleyule, mwanamume mnene mwenye mafua. Akanikumbuka. Nikamweleza kwamba udhamini wa Ijumaa naufuta, nataka kuandika mwingine. Nikampa jina la Nawal, akaliandika polepole, akauliza ni nani wangu.

"Wifi yangu," nikasema.

Akanitazama mimi, akatazama lile jina la Kiarabu. Kisha akaivuta karatasi ya Ijumaa.

"Na huyu je?"

"Huyo ni mdogo wangu," nikasema. "Yeye haji."

Nilikuwa sijapata kuyatamka maneno hayo. Karani akanisukumia kalamu, nikaufuta udhamini wa Lucienne, kisha nikatia sahihi chini ya jina la Nawal.