Kimya Nyuma ya Pazia

Bi Kulthum alitoa sharti moja: moyo wapige picha wapendavyo, lakini kifua chake mwanamume asikione. Basi pale hospitalini Lamu wakavuta pazia katikati ya chumba. Upande huu Bi Kulthum kalala ubavu wa kushoto, nesi Kagendo kamshikizia kifuani kichwa cha mashine kilichopakwa jeli baridi. Upande wa pili mpiga picha, Nicodemus, kaikodolea skrini, waya umepita chini ya pazia, naye anaongoza kwa mdomo.

"Panda kidogo, Kagendo. Inamisha. Hapo hapo."

"Huyu yuwapiga picha au yuwaegesha boti?" Bi Kulthum akauliza.

Kagendo akacheka hadi mkono ukateleza. Mwanamke aliyezika waume wawili na kulea watoto kwa mahamri ya kuuza, asipotania atalia, na kulia Bi Kulthum hakuwahi kupata nafasi. Juzi asubuhi kikombe kilimponyoka, mdomo ukaenda upande, jina la bintiye Ghada likamkwama kooni. Chai haijapoa, kila kitu kikarudi mahali pake. Daktari hakuzunguka: huenda damu imeganda ndani ya moyo, kipande kikamegeka kikapanda kichwani. Kama bonge lingalimo, kingine chaweza kufuata saa yoyote, na mara hiyo mdomo usirudi.

"Shuka kushoto," Nicodemus akasema. "Zungusha..."

Akanyamaza.

Mashine ikawa inavuma peke yake.

"Baba, umelala?"

Habari mbaya Bi Kulthum alizizoea, ila zote zilimjia kwa miguu, zikabisha mlangoni. Hii imo ndani yake, na anayeiona ni mtu wa bara nyuma ya kitambaa.

"Nicodemus?" Kagendo akaita. Hata yeye hakucheka tena.

"Kuna kitu kwa chumba cha juu cha moyo. Ama ni kivuli. Mkono unasogea, sioni vizuri." Akasita. "Ningeshika mimi ningejua. Lakini Mama alikataa, na ni haki yake. Kuna dada mpiga picha anatoka Mombasa Alhamisi, tunaweza kumngoja."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Bi Kulthum akausikia moyo wake ukipiga, akawaza ni pigo lipi litakalokibandua.

"Akifunga mato je?"

"Akifunga macho ataona nini, Bi Kulthum?" Kagendo akauliza.

"Basi na ayafungue. Vuta pazia! Mngu yuwajua nilitakalo ni uhai."

Kagendo akamfunika leso, akabakisha pahali pa kiganja tu. Nicodemus akaja, uso kaugeuzia skrini, mkono umetulia kama umepigiliwa msumari. Hakukawia.

"Ni bonge, Mama."

Likaonekana: kitu cheupe ukutani mwa moyo, kikipepea kila pigo.

"Kimeshikwa na nini?"

"Kwa sasa kimeshika ukuta."

Hilo "kwa sasa" halikumpendeza hata kidogo. Kagendo alishatoka mbio kumwita daktari na kuleta sindano ya kuzuia damu isizidi kuganda.

"Nikipiga chafya?"

"Piga tu, Mama, haina shida."

"Thubutu! Sipigi."

Akalala kama gogo. Kisha, "Ghada!"

Binti akaingia mbio kutoka ukumbini. "Labeka, mama! Una nini?"

"Sina kitu." Akapumua polepole. "Ghada!"

"Nipo hapa, mama."

"Najua upo. Naujaribu mdomo." Akameza mate, mato yasibanduke kwenye skrini. "Ghada!"